Mashine ya Gemu na Mtihani wa Saa Nane

Nyumba ya Kocha ilijulikana mtaani kwa kelele. Kila jioni, saa kumi na mbili na nusu, mpira ulianza sebuleni. Haukuwa mpira wa miguu. Ulikuwa mpira wa vidole, ule unaochezwa kwenye televisheni kwa mashine ya gemu.

Mwenye mashine alikuwa fundi wa friji, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu. Mchana kutwa aliinama nyuma ya friji za watu. Jioni alikaa kwenye kochi, akashika padi ya kuchezea, akawa kocha, nahodha na golikipa kwa wakati mmoja. Akishinda, ni akili yake. Akifungwa, ni mwamuzi. Ndiyo maana majirani walimwita Kocha, naye aliitika bila kinyongo.

Mkewe alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amewabeba wazee, wajawazito na watu walioanguka kwenye ngazi. Wengi hawakujua jina lake. Walimwita Dereva, basi.

Mtu wa tatu ndani ya nyumba alikuwa mama yake Kocha. Huyu mama alipenda kazi moja kuliko zote, kufuma vitambaa. Kochi lilikuwa na kitambaa. Redio ilikuwa na kitambaa. Hata ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa na chake. Jirani yao mmoja alizoea kusema kwamba ukikaa sebuleni mle bila kujitikisa, na wewe utafumiwa.

Siku moja mgongo wa Dereva uligoma. Alikuwa anashuka ngazi na mgonjwa kwenye machela, yeye mbele, mwenzake nyuma. Akasikia kitu kinakatika kiunoni. Hakuiachia machela. Alifika nayo chini, akamwingiza mgonjwa garini, ndipo akakaa chini kwenye lami na kushindwa kuinuka.

Daktari alimwambia ukweli. Atapona, atatembea, ataendesha gari. Lakini kubeba mizigo asahau.

Aliporudi kazini, mkuu wa kituo alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Dereva wetu lazima ashike machela, dada. Unajua," alisema. "Siwezi kukurudisha kwenye gari. Lakini kwenye chumba cha simu kuna kiti kimoja. Kuna mtihani. Ukifaulu, kiti ni chako. Ukishindwa, mwisho wa mwezi wa mtihani tutaagana, na mimi sitafurahi."

Chumba cha simu ndimo zinamopokelewa simu zote za dharura. Mpokeaji anasikiliza, anaandika kwenye kompyuta mahali mgonjwa alipo, kisha anatuma gari. Mtihani ungefanyika baada ya wiki tano, siku ya Jumamosi, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi. Kila mtahiniwa angefanyia kwake, kupitia mtandao. Simu ya mkononi haikukubaliwa. Ilitakiwa kompyuta.

Dereva alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuvua sare. Maswali hayakumtisha. Mitaa yote ya mji aliijua kama kiganja chake. Alijua la kumwambia mtu ambaye mtoto wake amepaliwa. Kilichomtisha ni kompyuta. Nyumbani hawakuwa nayo. Kazini zilikuwapo mbili tu, nazo hazikupumzika hata dakika. Maktaba ya mtaa ilikuwa na chumba cha kompyuta, lakini Jumamosi ilifungwa saa sita.

Na kulikuwa na aibu nyingine aliyoificha. Hakuwahi kuandika kwa kibodi maishani mwake.

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke anayefanya kazi kwenye chumba hicho cha kompyuta cha maktaba. Kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wanyamaze, kwa hiyo wakampa jina la Bi Kimya. Akitoka kazini, maneno yote aliyoyabana tangu asubuhi aliyamwaga mtaani. Jioni hiyo alikuja kumuuliza Kocha kwa nini friji yake inatoa maji. Aliwakuta sebuleni, Kocha kashika padi, Dereva kajishika kichwa, na mama anafuma.

Akauliza kulikoni. Akaelezwa. Akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Mnalia hamna kompyuta," alisema. "Na hiyo mnayochezea mpira ni nini?"

Kocha alimjibu kwamba hiyo ni mashine ya gemu.

"Ni kompyuta, shemeji. Imevaa jezi tu." Bi Kimya akaketi, akasogeza kitambaa cha kochi pembeni. "Kompyuta ina ubongo wa kufikiri, ina mahali pa kuhifadhi, na ina waya wa kwenda kwenye skrini. Hiyo yako ina vyote. Inakosa vitu viwili tu, kibodi ya kuandikia na kipanya cha kuelekezea. Vya ziada vya maktaba viko kwangu nyumbani, nitakuazima."

Dereva aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Akauliza kama kweli mashine ya mpira inaweza kufungua ukurasa wa mtihani.

"Si kila mashine inaweza," Bi Kimya alisema. "Nyingine zinakataa kipanya. Nyingine hazina kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Ndiyo maana tunajaribu leo. Tusingoje siku ya siku."

Alikwenda kwake, akarudi na kibodi na kipanya. Alichomeka waya mbili mbele ya mashine. Kwa padi, Kocha aliitafuta ile picha ya kivinjari ambayo kwa miaka minne alikuwa akiiruka akielekea kwenye mpira. Ukurasa ukafunguka. Mshale mdogo ukatembea kwenye skrini, ukifuata mkono wa Dereva. Walifungua ukurasa wa majaribio wa mtihani, nao ukakubali.

Dereva alicheka huku machozi yanamlengalenga. Kocha naye alicheka, mpaka Bi Kimya aliposema jambo la pili. Kuanzia kesho, saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu, mashine ni ya mke wake. Kocha alikubali kwa mdomo. Uso wake ulikataa.

Wiki zikaenda. Mwanzo ulikuwa mgumu. Dereva aliandika kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa mtama. Bi Kimya alimwonyesha namna ya kuweka vidole vyote kwenye safu ya kati na kuviacha vikumbuke njia. Kila jioni aliandika majina ya mitaa, anwani, na maneno ya wapiga simu aliowabuni mwenyewe. Mama mkwe alijitolea kuwa mpiga simu. Alipenda sana kazi hiyo. Kila siku alianguka mahali papya, mara bafuni, mara sokoni, mara juu ya paa ambako hakuna aliyejua alifikaje.

Kocha alikaa pembeni na kahawa yake, akitazama saa.

Kuna siku rafiki yake wa kazini alimletea flashi, kile kijiti kidogo cha kuhifadhia mafaili. Alisema ndani yake kuna kitu cha kuifungua mashine ya gemu iwe kompyuta kamili, yenye kila programu duniani. Kocha aliipeleka kwa Bi Kimya, na kumbe alifanya la maana, maana kuuliza si ujinga. Bi Kimya aliishika ile flashi kwa ncha za vidole.

Alimweleza kwamba wapo mafundi wanaobadilisha mashine za namna hiyo, na wengine wanafanikiwa. Lakini ikikosewa hatua moja, mashine inakufa na haiamki tena. Na flashi usiyojua ilikotoka inaweza kuwa na mdudu wa kuiba maneno ya siri. Mtu mwenye mtihani hachezi bahati nasibu. Kivinjari walichonacho kinawatosha. Kocha alimrudishia rafiki yake flashi siku hiyohiyo.

Siku tatu kabla ya mtihani walifanya jaribio kamili, saa mbili nzima. Mashine ilikuwa juu ya meza ndogo kando ya televisheni, ikinguruma tangu mwanzo hadi mwisho, lakini haikukwama. Bi Kimya aliridhika. Alimpa Dereva maagizo machache. Kila ukifika mwisho wa ukurasa bonyeza neno Hifadhi, usisubiri. Ukitolewa nje, unaweza kuingia tena kwa neno la siri lilelile, ila saa ya mtihani haisimami. Na siku ya Jumamosi, alisema, msibadilishe kitu chochote.

Ijumaa jioni Dereva alimwomba mumewe jambo moja. Asiguse mashine usiku ule, ipumzike. Kocha aliapa hataigusa.

Jumamosi ikafika. Nataka msomaji aelewe kwamba kilichotokea siku hiyo kilitokana na upendo, si na uzembe. Dereva alikuwa anaoga. Mumewe na mama mkwe wakaona waiandae sebule. Walifagia, wakafuta vumbi, wakafungua madirisha. Kocha aliwaza juu ya ule mngurumo wa mashine. Utamsumbua mke wangu, akasema. Akaibeba mashine kutoka kwenye meza ndogo, akaisukuma mpaka ndani kabisa ya kabati la televisheni, akafunga mlango wa kioo. Alipoiwasha kwa padi, mngurumo ulisikika kwa mbali tu. Kabla ya mlango kufungwa, mama alikuwa amefanya na yeye lake. Kwa wiki mbili alikuwa amefuma kitambaa kipya cheupe, zawadi ya mtihani. Alikikunja mara mbili, akaifunika mashine, ikavaa vizuri.

Dereva alipotoka alikuta sebule inang'aa na imetulia. Akawashukuru. Alikaa, akanyoosha mgongo, na saa nane kamili akabonyeza Anza.

Maswali yalikuwa sitini, kurasa sita, kila ukurasa maswali kumi. Kila swali lilikuwa mpiga simu. Ilibidi asome maneno yake, aandike mahali alipo, kisha achague la kufanya kwanza. Dereva alikwenda vizuri. Ukurasa wa kwanza, Hifadhi. Ukurasa wa pili, Hifadhi. Vidole vilijua njia. Kocha na mama walikaa jikoni, wakinong'ona kama wako hospitali.

Saa nane na dakika arobaini na saba, alikuwa kwenye swali la ishirini na saba. Mwanamke mjamzito, barabara ya kiwandani. Maneno fulani yakatokea katikati ya skrini kwa sekunde mbili au tatu. Kisha televisheni ikawa nyeusi.

Dereva hakupiga kelele. Aliita jina la mumewe mara moja, kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha Kocha zaidi. Alikuja mbio, akafungua kabati, akabonyeza kitufe. Mashine ikawaka. Baada ya dakika moja ikazima. Akabonyeza tena. Ikawaka, ikazima kabla hata ya kufika kwenye kivinjari. Mara ya tatu haikuwaka kabisa.

"Jana ulicheza," Dereva alisema.

"Sikucheza."

"Niambie ukweli. Usiku nilipolala uliiwasha?"

"Mke wangu, sikuigusa. Nilikuapia."

Dereva alimtazama na hakumwamini. Ndoa ya miaka kumi na sita, na kwa dakika ile hakumwamini. Mama alisimama mlangoni na uzi wake mkononi, hajui amtetee nani. Saa ya ukutani ilikuwa inasogea, na mahali fulani kwenye mtandao saa ya mtihani nayo ilikuwa inasogea. Yule mjamzito wa barabara ya kiwandani alikuwa bado anasubiri.

Kocha alitoka bila viatu. Alipiga hodi kwa Bi Kimya kwa mikono yote miwili, na bahati nzuri mwenyewe alikuwapo, anaanika nguo. Alikuja na kibanio cha nguo bado mdomoni. Hakuuliza mengi. Alipiga magoti mbele ya kabati, akaingiza mkono ndani, akautoa haraka.

"Nani aliiweka humu?" akauliza.

Kocha alisema ni yeye. Alisema aliona kelele zitamsumbua mkewe.

"Na hii nguo?"

Mama alisema ni yake. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Bi Kimya alikitoa kitambaa. Kilikuwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi. Akageuka kwa Kocha.

"Shemeji, mteja akikuita, ukakuta friji imebanwa ukutani na imefunikwa blanketi nyuma, unamwambiaje?"

Kocha alilijua jibu. Kila siku ya Mungu aliwagombeza watu kwa kosa hilo. Friji hutoa joto kwa nyuma, ukiibana, joto linakosa pa kwenda, kompresa inaungua. Maneno hayo aliyasema mara nyingi mpaka wateja wakayajua kwa moyo. Na leo, ndani ya nyumba yake mwenyewe, siku ambayo mkewe alikuwa na kila kitu cha kupoteza, ameibana mashine kabatini na kuifungia mlango. Kinyozi hajinyoi. Alitamani ardhi ipasuke.

"Ule mngurumo ndio kupumua kwake," Bi Kimya alisema. "Feni yake inavuta hewa baridi, inasukuma joto nje. Mkizuia hewa, mashine inajizima yenyewe ili isiungue. Haijafa. Inajilinda. Itoeni."

Waliitoa, wakaiweka juu ya meza tupu. Kocha alitaka kubonyeza kitufe. Bi Kimya akaushika mkono wake, akasema ukiiwasha ikiwa bado ya moto, utaiua kweli. Ingoje ipoe. Mama akaja mbio na taulo lililolowa maji ya baridi, na safari hii Kocha ndiye aliyemzuia.

"Hapana, mama. Kitu cha moto kikipata baridi ya ghafla kinatoa jasho ndani. Jasho ni maji. Maji na umeme haviendi pamoja."

Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu mashine izime kusema kitu cha fundi. Alileta feni ya mezani, akailenga ubavuni kwenye matundu. Bi Kimya aliyafuta yale matundu kwa brashi kavu, na mavumbi yakatoka ya kutosha kujaza kiganja.

Kisha walingoja. Nadhani hakuna kazi ngumu duniani kama kungoja kitu kipoe huku saa inakwenda. Dereva alikaa mbele ya skrini nyeusi, mikono juu ya kibodi. Saa tisa kasoro dakika mbili. Saa tisa na dakika tano. Aliogopa, akasema wazi kwamba anaogopa. Alisema akishindwa hatajua afanye nini na maisha yake, maana hii ndiyo kazi pekee aliyowahi kuiona ni yake. Mama alimshika bega. Hakumwambia usijali. Alibaki amemshika tu.

Saa tisa na dakika kumi na tano Bi Kimya aliweka kiganja juu ya mashine, akatikisa kichwa kukubali. Kocha akabonyeza.

Ikawaka. Ikanguruma. Kivinjari kikafunguka. Dereva aliandika neno lake la siri, akakosea herufi moja kwa haraka, akaandika tena. Ukurasa ukarudi. Kurasa mbili za kwanza zilikuwa salama, kila jibu mahali pake. Ukurasa wa tatu ulikuwa mweupe. Majibu yale sita yalikuwa hayajahifadhiwa, kwa hiyo yalikuwa yamepotea.

Juu ya skrini yalibaki maandishi ya dakika zake. Zilikuwa arobaini na moja. Maswali yalikuwa arobaini.

"Dakika moja kila mpiga simu," Bi Kimya alisema taratibu. "Kazini mnawapa ngapi?"

"Pungufu ya hapo," Dereva alisema.

Basi, Bi Kimya akasema, ni siku ya kazi kama nyingine. Akawatoa wote sebuleni, kisha akakumbuka mashine. Mtu mmoja alibaki. Kocha alikaa sakafuni kando ya meza, akishika feni kwa mikono miwili ili isitikisike, macho kwenye mashine, hathubutu kumtazama mkewe.

Dereva aliandika. Safari hii hakungoja mwisho wa ukurasa. Kila baada ya maswali mawili matatu alibonyeza Hifadhi. Mjamzito wa barabara ya kiwandani alipata gari lake. Mzee wa kifua akapata lake. Saa tisa na dakika arobaini na tano mngurumo wa mashine ulipanda ghafla, na Kocha akaisogelea. Akaweka kiganja. Ilikuwa vuguvugu tu. Akaisogeza feni karibu kidogo, akaomba kimoyomoyo kama ambavyo hakuwahi kuombea fainali yoyote.

Mngurumo haukukoma, na mashine haikuzima. Swali la hamsini. La hamsini na tano. La sitini lilikuwa la mtoto aliyemeza kidonge, mama yake analia. Dereva aliandika anwani, akachagua, akabonyeza Wasilisha. Zilikuwa zimebaki sekunde hamsini.

Aliondoa mikono kwenye kibodi. Ndipo akamwona mumewe sakafuni, amekumbatia feni, jasho linamtoka.

"Nilikushuku," alisema. "Nisamehe."

Kocha alisema na yeye ana la kusamehewa, tena kubwa zaidi. Hakuna aliyetaka kubishana nani ana kubwa. Mama aliingia na kitambaa chake cheupe mkononi, akasema atakitandika mahali pengine, pasipopumua.

Majibu yalikuja baada ya siku nne, kwa simu ya mkuu wa kituo mwenyewe. Alikuwa amefaulu. Hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa tatu, lakini wawili waliomtangulia walipangiwa vituo vingine, na kiti kikawa chake.

Nyumbani mambo yalibadilika. Kocha alitengeneza rafu isiyo na mlango wala kitambaa, akaacha nafasi ya vidole vinne kila upande wa mashine. Kila Jumapili anafuta vumbi kwenye matundu kwa brashi kavu. Mashine haizimwi tena kwa kung'oa plagi. Wanaizima kwanza kwenye skrini, wanangoja taa yake ife, ndipo wanachomoa waya. Kinachoandikwa kinahifadhiwa kwenye akaunti ya mtandaoni, na nakala ya pili anakaa nayo Bi Kimya maktaba, ambako pia ndiko wanakochapishia kwenye karatasi, maana kazi hiyo mashine yao haiwezi. Mama mkwe anaandika barua kwa dada yake wa mbali, kwa vidole viwili, na hataki kusaidiwa. Kocha anaandika humo ratiba ya wateja wake. Mpira upo bado. Unaanza saa mbili na nusu, na Kocha bado anamlaumu mwamuzi.

Dereva alianza kazi mpya Jumatatu, saa moja asubuhi. Walimpa kiti kizuri cha mgongo, vipokea sauti vya masikioni, na skrini mbili. Simu tatu za mwanzo zilikuwa nyepesi. Ya nne ilikuwa ya kijana wa kiume aliyekuwa akilia. Baba yake ameanguka karakana, hapumui vizuri. Namba ya nyumba haijui. Mtaa haujui jina.

"Nisikilize, mwanangu," Dereva alisema. "Ukisimama mlangoni unaona nini?"

Anaona duka la mbao. Na tangi la maji la buluu.

Dereva alikwisha kupita hapo mara mia. Huku akimweleza namna ya kumlaza baba yake kwa ubavu na kumfungua vifungo vya shati, vidole vyake vilikuwa vimeshaandika njia yote, na gari lilikuwa limeshatoka. Hakutazama kibodi hata mara moja. Alimwambia kijana asikate, wahesabu pumzi pamoja. Wakahesabu. Walifika mia moja na kumi na mbili.

Kisha akasikia king'ora kupitia simu, milango ya gari, na sauti aliyoijua. Alikuwa mwenzake wa zamani, yule wa upande wa nyuma wa machela. Aliichukua simu ya kijana.

"Tumemkuta anapumua," alisema. "Ni wewe, Dereva?"

"Ni mimi."

Tangu siku ile ya ngazi hakuwa amelia mbele ya mtu. Sasa alilia, pale pale kitini, kwa furaha tupu, mkono mmoja ukifuta macho na mwingine ukiandika saa ya gari kufika.